Salamu kutoka Kikonyezo

Nchi yetu ya Tambarare haimo kwenye ramani yoyote, na msituonee huruma kwa hilo. Ramani huchorwa na watu wenye wivu. Sisi wenyewe tunajua tulipo: tupo chini ya Rais wetu, Baba Upeo, na juu yake ipo mbingu tu, nayo tulikuwa na hakika kwamba imekwisha kuukubali uongozi wake. Ndiyo maana tulishtuka sana siku nyota ilipoanza kumkonyeza mkewe.

Baba Upeo na Mama wa Taifa hunywa kahawa kila jioni kwenye baraza la juu la Ikulu, raia wakiwatazama kutoka barabarani na kupiga makofi kila kikombe kinapoinuliwa. Jioni moja, jua likiwa ndiyo kwanza limezama, nyota moja ya upande wa magharibi ikafifia, ikawaka, ikafifia tena, ikawaka tena. Mama wa Taifa akatabasamu. Huenda, maskini, alikuwa anaitabasamia kashata. Lakini Baba Upeo aliweka kikombe chini, na makofi yakakatika barabara nzima.

"Ile inamkonyeza nani?" akauliza.

Kila jibu lililotufikia kichwani lilikuwa na pingu ndani yake.

Nchi jirani ina darubini kubwa, na wataalamu wake wakatangaza redioni kwamba hilo ni wingu la vumbi tu linalopita mbele ya nyota, na kwamba likishapita nyota itatulia. Serikali yetu ikalaani vikali kuingiliwa katika mambo yake ya ndani. Si kwamba sisi hatuna darubini. Tunayo, tena nzuri, ila ipo shambani kwa Waziri wa Elimu ya Juu, ambako inatumika kuwatazama vibarua wasiibe mahindi, na kuiondoa huko kungehatarisha usalama wa chakula. Ikaamuliwa basi kwamba siri ya nyota ile, iliyokwisha kupewa jina la Kikonyezo, ichunguzwe kwa njia isiyohitaji kifaa chochote, yaani kwa roho.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Taasisi ya Taifa ya Kuona Mbali. Mkurugenzi wake alikuwa Profesa Tindo, mtu aliyesoma ng'ambo miaka mingi akarudi amesahau alichokwenda kusomea. Siku ya uzinduzi alitueleza utaratibu. Msafiri hulala chali, hufumba macho, roho humtoka utosini, huenda mpaka kwenye nyota, hutazama, kisha hurudi na kusimulia.

"Wenzetu wenye darubini hulazimika kukesha," alisema, akirekebisha joho lake. "Uchunguzi wetu sisi hufanyika saa za kazi."

Yeye mwenyewe hangeweza kusafiri kwa sababu ya mgongo.

Mimi niliajiriwa kuwa Mkung'uta Godoro. Godoro la Taifa lilikuwa la sufi, limevikwa bendera, na kabla ya kila safari nililichapa kwa fimbo ya serikali ili kutoa vumbi na fikra mbaya za msafiri aliyetangulia. Ni kazi ya heshima. Wapo watu katika nchi yetu waliochapwa kwa fimbo hiyohiyo na hawakupewa hata bendera.

*

Msafiri wa kwanza alilala, akafumba macho, akakaa kitambo, akafumbua. Akaulizwa ameona nini.

"Giza," akasema.

Alikuwa mkweli, Mungu amrehemu. Baba Upeo akasema kwa upole kwamba mtu anayependa giza asinyimwe, akateremshwa kwenye vyumba vya chini vya Ikulu, ambako giza lipo la kutosha na halina mgawo kama umeme. Msafiri wa pili, aliyekuwa amezisikia habari za mwenzake, akasema ameona mwanga mkali mno. Huyo naye akapewa taa kubwa aitazame, akaambiwa asipepese. Siku hizi hutembea kwa kushika ukuta.

Baada ya hapo wasafiri wakawa adimu, ikabidi watafutwe, na ndipo alipoletwa Pandu Mwinyikondo.

Pandu alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya msingi, na kosa lake lilikuwa usingizi. Siku ya hotuba ya Baba Upeo uwanjani alifumba macho tangu wimbo wa taifa wa kufungulia mpaka ule wa kufungia. Vijana wa usalama walipomwamsha na kumuuliza alikuwa anafanya nini, alijibu kwa woga kwamba alikuwa anatazama taifa linakoelekea. Wakaandika. Wiki iliyofuata akaitwa Taasisi, akiwa amevaa shati lake la kufundishia lenye chaki mfukoni.

Jambo moja mlijue kuhusu Pandu, maana hadithi yote imesimama hapo. Alikuwa na adabu iliyopitiliza. Alibisha hodi hata akiingia chooni kwake mwenyewe. Alikuwa hawezi kumpita mbuzi bila kumuuliza hali. Watu wa mtaani kwake walipenda kumtuma, kwa sababu Pandu akienda mahali hurudi na salamu za kila mtu aliyemkuta, na za wale ambao hakuwakuta pia, kwani aliona vibaya mtu aliyeachwa nyumbani asisalimiwe.

Siku ya safari yake Baba Upeo alikuja mwenyewe. Pandu akalala juu ya godoro langu. Alikuwa amekwisha kuamua atakachosema: angesema vumbi, kama walivyosema wale wa redio, na liwalo na liwe. Akafumba macho. Nikaona midomo yake inacheza, anasoma dua. Kisha akafumbua.

"Umeona nini?" akauliza Profesa Tindo.

"Vumbi, Mheshimiwa. Vumbi tupu."

Walinzi wakasogea. Lakini Baba Upeo siku hiyo alikuwa amekula vizuri, na hata yeye amelelewa na mama. Mtu akirudi safari huulizwa habari za alikotoka. Basi bila kufikiri akauliza:

"Hawajambo huko?"

Na Pandu, bila kufikiri, akajibu:

"Hawajambo, Baba. Wanakusalimu sana."

Pandu akaziba mdomo kwa mkono, lakini salamu ikishatoka haimezeki. Baba Upeo aliinuka polepole kitini.

"Nani ananisalimu?"

"Wote, Baba." Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye bendera. "Wakubwa kwa wadogo."

Baba Upeo akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe! Kumbe nyota haikuwa inamkonyeza Mama wa Taifa. Ilikuwa inamsalimu yeye! Profesa Tindo akaongeza palepale kwamba jambo hilo alikuwa amelishuku muda mrefu kisayansi. Pandu akabebwa juujuu, akapewa saa ya ukutani yenye picha ya Baba Upeo, akarudishwa kwake kwa gari la serikali.

*

Furaha ile ilileta aibu nyuma yake. Ikiwa nyota ilikuwa inatusalimu muda wote huo, basi sisi tulikuwa hatuitikii. Taifa zima lisilo na adabu! Likatoka agizo kwamba kila jioni umeme wa mji mkuu ukatwe na kurudishwa, ukatwe na kurudishwa, ili mji nao ukonyeze.

Tukakonyeza. Hospitali Kuu haikuachwa nyuma, kwani wagonjwa ni raia kama raia wengine. Waliokuwa kwenye mashine za kupumulia waliitikia salamu mara moja tu na hawakuombwa kurudia. Mganga Mkuu alipokwenda kuuliza kama hospitali ingeweza kusamehewa, aliulizwa kama mama yake hakumfundisha kuitikia anaposalimiwa. Alikaa ndani kidogo, akatoka anaitikia vizuri sana.

Pandu akawa analazwa kwenye godoro kila wiki, na kila wiki ilibidi arudi na salamu mpya. Wanasemaje? Wamepata salamu zetu? Wamefurahi? Wanaulizia nini? Akawa anakonda. Siku moja, nikiwa nakung'uta, akanishika mkono.

"Ndugu yangu, huko hakuna kitu. Nikifumba macho naona kope zangu."

"Kope ni mwanzo mzuri, Mwalimu," nikamwambia. Nilikuwa naogopa kuta.

Sasa, Baba Upeo ni mtu wa methali. Akamwita Profesa Tindo barazani, akamwambia: "Waliosema barua ni nusu ya kuonana hawakuwa wajinga. Sisi na Kikonyezo tumeandikiana vya kutosha. Nusu iliyobaki iko wapi?"

Profesa akaomba muda wa kutafiti. Alirudi kabla kahawa haijapoa. Utafiti ulikuwa umeonyesha kwamba roho ya Pandu hufika kabisa kwenye nyota, lakini haiwezi kukaa, kwa sababu mwili huivuta irudi, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Anayetaka balozi wa kudumu kule hana budi kuikata kamba. Daktari wa Ikulu alikuwa na sindano inayofaa. Ilikuwa imejaribiwa kwa mbwa mmoja wa ulinzi, naye aliondoka palepale, na mpaka leo hajarudi kulalamika.

Pandu akateuliwa balozi. Magazeti yakatoa picha yake ukurasa wa mbele, akiwa ametoa macho.

*

Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea suti ya ubalozi nyumbani kwake. Mkewe, Sikudhani, alikuwa uani anachambua mchele. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Aliitazama suti, akamtazama mumewe, akaweka ungo chini.

"Mwalimu, hebu niambie. Nani alikutuma ulete salamu?"

"Nilijibu tu, mke wangu. Mtu akikuuliza hawajambo huko, utasema nini?"

"Si ungesema hukuwakuta!"

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Hukuwakuta. Wametoka. Mlango ulikuwa umefungwa. Nchi nzima ya wasomi na hakuna aliyelifikiria hilo. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika, na suti ilikuwa imekwisha kushonwa.

"Shemeji," Sikudhani akaniambia, "huyu mtu ndiye mume wangu. Ana kasoro zake, anakoroma, anasalimia mbuzi. Lakini ni wangu. Simtoi kwa nyota."

Hakulia. Alichukua ungo wake akaendelea kuchambua, huku akifikiri, na mimi niliona kwamba anapanga kitu. Niliondoka pale nikimuombea dua, jambo ambalo halimo katika majukumu yangu.

Siku ya kuaga ukumbi wa Taasisi ulijaa. Mabalozi wa nchi za duniani walikaa nyuma. Daktari wa Ikulu alikuwa ameipanga sindano yake kwenye sinia la kahawa. Pandu aliketi ukingoni mwa godoro katika suti yake, mikono magotini. Ndipo Sikudhani akasimama katikati ya watu, akapiga goti.

"Baba, nina ombi. Mume wangu anahamia ugenini. Niruhusu na mimi nikaione nyumba atakayokaa, japo mara moja. Nisije nikakaa na wasiwasi."

Ombi la haki. Baba Upeo akalikubali mwenyewe. Sikudhani akalala, akafumba macho. Tukangoja. Mara akaruka kama aliyeungua, mikono kichwani, akapiga yowe lililowatoa walinzi mlangoni.

"Msiba! Jamani, kuna msiba huko! Wamefiwa! Mji mzima unalia, hakuna hata wa kumkaribisha mgeni. Wanasema Baba awasamehe, wageni wasije sasa, hali yao si ya kupokea mtu!"

Ningekuwa na kofia ningeivua. Ni nani mwenye adabu atakayempelekea mfiwa mgeni wa kulishwa na kutandikiwa? Pandu aliinua uso, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi niliona damu imerudi mashavuni mwake.

Baba Upeo akainuka. Machozi yalikuwa yanamlenga, tena ya kweli, kwani anaupenda sana msiba.

"Wamefiwa," akasema kwa sauti ya chini, "na sisi tumekaa hapa na sinia la kahawa?" Akawageukia watu. "Harusi ndiyo yenye kadi. Msiba hauna kadi! Tangu lini mfiwa akasema msije, na watu wakakaa majumbani kwao? Balozi aende leo hii. Tena mwanamume peke yake msibani atafanya nini? Nani atapika? Nani atakaa na wanawake wenzake ndani?"

Ukumbi mzima ukamtazama Sikudhani.

"Wewe, mwanangu," akamwambia kwa huruma, "umeshaiona njia."

Pandu alianguka chini akamshika miguu. Maskini, adabu yake yote ilimtoka wakati huo, na ilikuwa imechelewa. "Baba, hakuna msiba! Hakuna watu! Hakuna salamu, nilisema tu kwa mazoea! Ni vumbi, Baba, ni vumbi tangu siku ya kwanza!"

"Mnaona?" Baba Upeo alisema, akimpapasa kichwa. "Uchungu humfanya mtu awakane hata wafiwa."

Profesa Tindo akathibitisha kwamba hali hiyo inajulikana sana kitaalamu.

Wakalazwa pamoja, kwa kuwa godoro ni moja. Sikudhani akafungwa kanga mpya kiunoni, ya kufanyia kazi za msibani, na mwiko akawekewa kwapani. Alikuwa bado anamfokea Daktari sindano ilipomwingia. Pandu yeye alimgeukia akamwomba radhi, kisha, kwa mazoea tu, akawaaga watu wote waliokuwa ukumbini. Bendi ya polisi ikapiga.

Watu walipokwisha kutoka nilibaki na kazi yangu. Niliinua fimbo nikashindwa kuchapa. Godoro lilikuwa bado na joto. Nilikaa pale chini nikalia kama mtoto, na siombi msamaha kwa hilo.

*

Muda si mrefu baadaye, Kikonyezo iliacha kukonyeza. Ilitulia ikawaka kama nyota yoyote nyingine, kama walivyosema wale wa redio. Baba Upeo akapata wasiwasi. Mbona kimya? Wageni wamefika? Wamefanya utovu wa adabu? Akataka habari kamili, na Profesa Tindo, akiwa ameushika mgongo wake, akanielekeza mimi kwa kidole.

Nikalala kwenye godoro nililolichapa mwenyewe. Nikafumba macho. Pandu alisema kweli, ni kope tu. Lakini nyuma ya kope mimi nilimwona Sikudhani na ungo wake, na maneno yake nilikuwa nayo ulimini: sikuwakuta. Ningeyasema, mambo yangeishia pale. Nakiri nilikuwa nayo. Ila hasira ilikuwa imenijaa mpaka kooni, na hasira, nyie, si mshauri.

Nikafumbua macho.

"Hawajambo huko?" akauliza Baba Upeo.

"Hawajambo, Baba. Wamefika salama, matanga yanaendelea. Lakini wafiwa wanauliza, mwenyewe yuko wapi? Wanasema mkubwa hatumi watoto msibani naye akabaki nyumbani anakunywa kahawa. Hawataki balozi tena. Wanakungoja wewe."

Lo, raha niliyoipata! Profesa Tindo alisahau mgongo wake akasimama wima kabisa. Daktari wa Ikulu akaficha sinia nyuma yake. Baba Upeo alibaki ameshika mikono ya kiti, na kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo. Alikuwa amenaswa kwa kauli yake mwenyewe, mbele ya watu, na msiba hauna kadi. Nilimtazama machoni. Katika nchi yetu hilo peke yake ni kosa.

Kisha nikaona tabasamu linakuja taratibu kutoka pembeni mwa mdomo.

"Wana haki," akasema. "Nitakwenda mwenyewe. Lakini mnijuavyo, nikienda kukata utepe wa kisima tu barabara hufungwa kwa magari yangu. Je, kwenye msiba? Niende kama yatima? Mkubwa hatangulii, hutanguliwa. Kila nyumba itoe mtu mmoja wa msafara. Mkishafika wote, mkajipanga, mkaniletea habari kwamba njia ni salama, nami nitakuja nyuma yenu."

Watu wakapiga makofi. Ndiyo, wakapiga. Profesa Tindo, kwa sababu ya mgongo, atakwenda kwa machela. Viwanda vya godoro vimeagizwa vifanye kazi mchana na usiku, na wajumbe wa mitaa wameanza kupita nyumba kwa nyumba. Nasikia ziko familia ambazo tayari zimechagua bibi zao, na nyingine ambazo bado zinagombana.

Mimi nimepewa heshima ya kuongoza msafara, kwa kuwa naijua njia. Tunaondoka Alhamisi, saa za kazi. Fimbo nimekwisha kuikabidhi kwa mkung'uta mpya, kijana mwenye bidii.

Basi mwenye salamu zake azilete mapema. Nitazifikisha zote kama zilivyo, kwa Pandu, kwa Sikudhani, na kwa wale wa Hospitali Kuu. Majibu msiyangoje. Na siku mtakapolazwa ninyi, mkafumbua macho, mkaulizwa kama hawajambo huko, nawaomba kwa jina la Mungu, semeni hamkuwakuta.